Tulikate wapi neno "sphygmomanometer"? Njia tatu za kuligawa na kulitamka

Kifaa chenyewe hakina ugumu. Ni ule mkanda unaofungwa kwenye mkono, ukajazwa hewa, kisha hewa ikatolewa polepole huku shinikizo la damu likisomwa. Wengi hukiita kipimo cha presha na maisha yakaendelea. Ugumu uko kwenye jina lake la kitabibu: herufi 16, mwanzo wake konsonanti tatu zinazofuatana, na katikati "mo" na "ma" zimebanana kiasi kwamba ulimi huruka moja bila mwenyewe kujua.

Anayelazimika kulitamka mbele za watu, au kulifundisha, au kuliandika bila kukosea, hukuta njia tatu mbele yake. Anaweza kulikata kwa mizizi yake ya Kigiriki, akaweza kulikata kama linavyosikika kwa Kiingereza, au akalitia katika silabi za Kiswahili na kulitamka kama neno letu. Kila njia ina watetezi wake, na mara nyingi watetezi hao hubishana bila kutambua kwamba kila mmoja anajibu swali tofauti. Ndiyo maana ni vyema kuanza na vigezo.

Tunapima nini?

Cha kwanza ni maana: je, mkato unamwonyesha mtu neno limejengwa kwa nini? Cha pili ni ulimi na mkazo, yaani kama mkato unamsaidia kutamka bila kukwama, na kama atasikika vizuri kwa watu anaozungumza nao. Cha tatu ni tahajia. Cha nne, ambacho husahaulika sana ingawa mimi nakipa uzito mkubwa, ni faida kwa maneno mengine. Hakuna anayejifunza neno moja tu la kitabibu. Nyuma ya hili wapo ndugu zake mamia, na njia inayofaa neno moja pekee ni kazi kubwa kwa malipo madogo.

Njia ya kwanza: kukata kwa mizizi ya Kigiriki

Hapa neno linatoka vipande vitatu: sphygmo-mano-meter.

Kwa upande wa maana njia hii haina mshindani. "Sphygmos" kwa Kigiriki ni mpigo wa mshipa. "Manos" ni kitu kisichosongamana, chembamba kama hewa iliyopungua. "Metron" ni kipimo. Lakini vipande hivi havikuungana vyote kwa wakati mmoja. Manomita, chombo cha kupimia shinikizo la gesi na vimiminika, ilikuwapo kabla. Tabibu aliichukua ikiwa kamili na kuitanguliza mpigo wa mshipa. Kwa hiyo mkato mkuu ni mmoja, sphygmo + manometer, na ule wa pili uko ndani ya kipande cha nyuma.

Mkato huo unasimulia namna kifaa kilivyofanya kazi. Mwaka 1854 Karl von Vierordt alitengeneza sphygmograph, chombo cha kuchora mpigo wa mshipa. Mwaka 1881 Samuel von Basch akaleta kifaa cha kupima shinikizo lenyewe, na mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci akaleta kile chenye mkanda wa kuzungushwa mkononi. Mpimaji aliweka kidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, akajaza hewa mpaka mpigo ukapotea, akasoma kiwango cha zebaki. Mpigo na shinikizo, sphygmos na manomita, vilikutana pale chini ya kidole. Nikolai Korotkov alipoeleza mwaka 1905 jinsi ya kusikiliza mshipa kwa stetoskopu, jina lilikuwa limekwisha kukaa. Mwanafunzi anayejua mizizi haoni ajabu kwamba kifaa cha shinikizo kinabeba jina la mpigo.

Kuna mtego mmoja hapa wa kuukwepa. Kwa kuwa mkanda hufungwa mkononi, ni rahisi kudhani "mano" inatokana na "manus", mkono kwa Kilatini. Haitokani nalo. Mizizi inasaidia pale tu inapojulikana kweli. Ikikisiwa, inapotosha kwa sauti ya uhakika.

Kwenye tahajia njia hii inaendelea kung'ara. Anayejua kwamba kuna "sphygmo" na kuna "mano" hataandika "sphygmanometer" kwa kumeza silabi ya katikati, kosa ambalo huonekana mara kwa mara hata kwenye maandishi ya wataalamu. Atajua pia kwamba "ph" na "y" si mapambo: ni namna Kilatini kilivyoandika herufi za Kigiriki fi na ipsilon. Ukishalizoea hilo, hata "ophthalmoscope", chombo cha kuchungulia ndani ya jicho, huacha kutisha. Mzizi wake ni "ophthalmos", jicho, wenye fi na theta zikifuatana. Ndiyo sababu kuna "ph" na "th", na ndiyo sababu ile "h" ya kwanza isidondoshwe.

Ulimi, hata hivyo, haupati msaada mkubwa. Vipande vya mizizi si silabi. Neno lina silabi sita, mizizi mitatu, na anayesimama kwenye kila mpaka wa mzizi husikika kana kwamba anasoma maneno matatu yaliyokaa jirani. Mizizi haisemi neno lote libebe mkazo wapi.

Faida kwa maneno mengine ni kubwa. Aliyeujua mzizi "sphygmos" hapa ataukuta umejificha ndani ya "asphyxia", neno ambalo leo linatumika kwa kukosa hewa ingawa kwa asili yake ni kukosa mpigo wa mshipa. Njia hii inamfaa mwanafunzi wa uuguzi au utabibu, mfasiri, na yeyote anayeandika zaidi ya anavyosema.

Njia ya pili: kukata kama linavyosikika kwa Kiingereza

Kamusi za Kimarekani hugawa hivi: sphyg-mo-ma-nom-e-ter. Mkazo mkuu uko kwenye "nom".

Tukianza na maana, hasara inaonekana mara moja. Tazama palipopatikana "nom". Herufi "m" ni ya "metron", lakini imeng'olewa kwake na kufungiwa katika silabi ya "mano". Kilichobaki, "e-ter", hakifanani na kipimo chochote. Sababu yake ni ya kisauti: irabu fupi yenye mkazo huivutia kwake konsonanti inayofuata, na kamusi za Marekani hukata kwa kufuata sauti hiyo. Wachapaji wa Uingereza kwa desturi waliheshimu zaidi muundo wa neno, kwa hiyo kitabu cha huko kinaweza kuvunja mstari baada ya "mano". Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana, usihangaike kutafuta kipi kimekosea. Kimoja kinafuata sikio, kingine kinafuata ukoo wa neno.

Lakini kwenye ulimi na mkazo, kama wasikilizaji wako wanazungumza Kiingereza, hapa ndipo penye msaada. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuzifinya irabu za "ma" na "ter" mpaka zisisikike vizuri, kama Waingereza wafanyavyo. Aziache zisikike. Nionavyo mimi, asilimia kubwa ya kueleweka iko kwenye mkazo: "nom" ikipanda, neno linatambulika hata irabu zote zikiwa za Kiswahili, mkazo ukikosewa, hata irabu nzuri haziokoi. Namna rahisi ya kulizoeza ni kuanzia palepale penye mkazo na kurudi nyuma: NOM-i-ta, ma-NOM-i-ta, kisha sfig-mo-ma-NOM-i-ta. Na "sph" isikutishe. Ni "sf" tu.

Wapo wanaouona mkazo huu kuwa ni mazoea ya Waingereza waliyolipachika neno la watu. Si haki kusema hivyo. Kigiriki cha leo chenyewe husema "sfigmomanómetro", mkazo ukiwa kwenye "no" ileile.

Tahajia inapata kidogo sana. Sikio la Kiingereza halikuambii kama silabi ya tatu ni "ma" au "mo", wala halikuambii "y" imetoka wapi.

Faida kwa maneno mengine nayo si ya kubezwa, maana mkazo huu una kanuni. Vifaa vinavyoishia na "-ometer" huupokea kwenye "o" ya kuunganishia: thermometer, barometer. Vizio vya urefu vinakwenda kivingine. "Millimetre" na "centimetre" zina mkazo mwanzoni, na "kilometre" imegawanya wasemaji, wengine wakiisema kama kizio, wengine kama kifaa. Kanuni hiyohiyo inatawala "-ology", "-oscopy", "-otomy" na "-ography": mkazo hukaa silabi ya tatu kutoka mwisho. Kwa hiyo cardiOLogy, larynGOScopy, tracheOTomy, radiOGraphy. Miisho mifupi kama "-scope", "-gram" na "-graph" haimo. "Sphygmograph" hupandishwa mwanzoni kabisa. Mtu akilishika jambo hili moja, amejisaidia kwa maneno mengi ambayo hajawahi hata kuyaona.

Inamfaa anayewasilisha mada kwa Kiingereza, anayehojiwa kwa lugha hiyo, au anayefanya kazi na wenzake wa mataifa mengine.

Njia ya tatu: silabi za Kiswahili

Hapa tunasema sfig-mo-ma-no-mi-ta, na mkazo unakwenda unakokwenda siku zote katika Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho: "mi".

Wapo wanaoiona njia hii kama ya kukimbilia pale mbili za kwanza zinapomshinda mtu. Sikubaliani nao hata kidogo, na sababu yangu iko ndani ya neno lenyewe. Silabi ya Kiswahili hupenda kuanza na konsonanti na kuishia na irabu. Kwa hiyo ile "o" ya kuunganishia inafunga "mano", na "m" inarudi kwa "mita". Metron imekuwa nzima tena, tena imebebwa na mkazo, kama ilivyo katika kilomita, sentimita na milimita, maneno ambayo hakuna anayeyaona mageni. Bila kujua Kigiriki hata chembe, msemaji wa Kiswahili analikata neno mahali palepale Mgiriki alipoliunga. Kwenye kigezo cha maana, basi, njia ya tatu inasimama karibu zaidi na ya kwanza kuliko ya pili.

Haisimami hapo kila wakati, na ni uungwana kulisema. Mzizi wa pili ukianza na konsonanti, mambo huwa safi: kadio-lojia, laringo-skopia, trakeo-tomia. Ukianza na irabu, mpaka unafutika. "Hysterectomy", upasuaji wa kuondoa mji wa mimba, imejengwa kwa "hyster" na "ectomy", kukata na kutoa. Kwa Kiswahili tunasema hi-ste-rek-to-mi-a, na "r" imeruka mpaka na kuingia upande usio wake. Hapo mkato wa Kiingereza, hys-ter-ec-to-my, ndio unaoheshimu mizizi.

Kuhusu ulimi, kuna jambo moja linaloleta ubishi: "gm". Wengine huingiza irabu na kusema "sfi-gi-mo", wengine huongeza na mwanzoni wakapata "si-fi-gi-mo". Hoja yao ni kwamba silabi ya Kiswahili lazima iwe wazi. Sivyo ilivyo kwa maneno ya mkopo. Tunasema mak-ta-ba, lab-da, sul-ta-ni, bila kuongeza irabu yoyote, na wanaisimu wameandika pragmatiki, yenye "gm" hiyohiyo, kwa miaka mingi. Mwanzo wa "sf" nao hauko mbali na skuli, stesheni na spishi. Ninachopendekeza ni kuiacha irabu ya ziada ipite midomoni kama ulimi unaidai, ila isiandikwe. Ikiandikwa inauficha mzizi, na neno linazidi kurefuka bila sababu.

Mazoezi ya njia hii huanza mwishoni: mita, manomita, sfigmomanomita. Kila hatua mkazo unabaki palepale, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha neno linapokua. Kwa anayeanza, utulivu huo una thamani.

Tahajia ina sura mbili. Ukiandika Kiswahili, hakuna fumbo: unaandika unachosikia. Ukilazimika kuandika Kiingereza, njia hii inakuacha na "f" na "i" mahali palipotakiwa "ph" na "y", na itabidi uirudie njia ya kwanza. Na mbele ya msikilizaji wa Kiingereza, mkazo kwenye "mi" utamfanya asite kidogo kabla ya kukuelewa.

Faida kwa maneno mengine ni kwamba kanuni ya mkazo ni moja tu na tayari unayo. Kadiolojia, radiografia, oftalmoskopu: hakuna orodha ya miisho ya kukariri. Inamfaa mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili, mtangazaji wa habari za afya, na mwandishi wa istilahi.

Pale njia zinapoachana

Maneno matatu yanatosha kuonyesha tofauti. Herufi kubwa ni mahali pa mkazo.

| Mizizi | Kiingereza | Kiswahili |
|---|---|---|
| sphygmo-mano-meter | sphyg-mo-ma-NOM-e-ter | sfig-mo-ma-no-MI-ta |
| cardio-logy | car-di-OL-o-gy | ka-di-o-lo-JI-a |
| hyster-ectomy | hys-ter-EC-to-my | hi-ste-rek-to-MI-a |

Katika mbili za kwanza Kiswahili na mizizi viko pamoja, Kiingereza kiko peke yake. Katika ya tatu Kiswahili ndicho kinachobaki peke yake.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama una mtihani wa maandishi, shika mizizi kwanza na usijali sana mkazo. Andika sphygmo, andika mano, andika meter, kisha uviunganishe, hutapoteza herufi. Ukiwa na muda wa ziada, jifunze na "manometer" peke yake, maana ni kipande kinachojitegemea.

Kama unasimama kuzungumza kwa Kiingereza kesho, si wakati wa kuchimba asili ya maneno. Chukua karatasi yako ya hotuba, pigia mstari silabi yenye mkazo katika kila neno refu, na urudie kwa sauti kuanzia hapo. Neno lenye "-ometer", "-ology" au "-oscopy" likikujia ghafla, hesabu silabi ya tatu kutoka mwisho.

Kama unafundisha kwa Kiswahili, ningeanza na sfigmomanomita, darasa zima lilitamke mpaka lilainike, halafu ndipo nionyeshe mizizi. Wanafunzi wakishaona kwamba "mita" wanayoijua ndiyo metron, nusu ya kazi imekwisha. Matamshi ya Kiingereza yaje baadaye, kama somo la kusikilizana na wenzao wa nje.

Mtangazaji na msomaji wa habari atumie ya tatu bila kusitasita, na mkazo ubaki kwenye "mi" hata kama amelizoea la Kiingereza. Kuingiza mkazo wa kigeni katikati ya sentensi ya Kiswahili humsumbua msikilizaji kuliko urefu wa neno.

Mfasiri au mwandishi wa kamusi ya tiba ana mzigo zaidi: umbo atalitoa kwenye njia ya tatu, lakini kila uamuzi mgumu aupime kwa ya kwanza. Abakize "gm". Achague "mita" au "meta" mara moja na asibadili katikati ya kitabu. Mimi ningechukua "mita", kwa kuwa vipimo vyenyewe vya shinikizo la damu husomwa kwa milimita za zebaki na ni vizuri ndugu hawa wakafanana.

Unapozungumza na mgonjwa, usitumie hata moja. Mwambie unampima presha.

Na kama unapanga kurasa na neno limegonga ukingo wa mstari, huna haja ya kujua mwandishi anafuata mkato upi. Livunje baada ya "sphygmo" au "sfigmo". Hapo ndipo mizizi inapoachana, ndipo silabi ya Kiingereza inapoishia, na ndipo ya Kiswahili inapoishia vilevile.